Benchi la Tatu

Wavu wa jiko ulikuwa na vyuma kumi na vitano. Inspekta alivihesabu mara mbili, akikigusa kila kimoja kwa ncha ya kalamu, kisha akatoa futi ya fundi cherehani kwenye mkoba wake na kupima unene wa kimoja na nafasi iliyokuwepo hadi kingine. Aliandika namba hizo kwenye daftari. Hakuwa na haraka, ingawa saa ya ukutani ilikwisha pita mbili na nusu, na ikifika saa nane mchana mtu mmoja angepandishwa kizimbani kwa mauaji.

Mtu huyo alikuwa mlinzi wa Jani. Ndivyo watu wa mji walivyoliita lile paa kubwa la paneli za sola lililojengwa uwanjani miaka miwili iliyopita: jani moja la chuma na kioo, pana kama nyumba nne, limesimama juu ya nguzo iliyopinda mfano wa kikonyo. Chini yake palikuwa na mabenchi sita, mabomba ya maji ya kunywa, feni, na soketi ambazo mtu yeyote aliruhusiwa kuchajia simu. Bango la mbele lilisema mahali hapo ni pa wote.

Jumatano mchana, kwenye benchi la tatu, alikutwa mzee amekufa. Watu walimwita Mzee Redio kwa ajili ya kiredio alichokining'iniza shingoni kwa kamba. Alikuwa amepooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Mapaja na makalio yake yaliungua hata suruali ya nailoni ikagandana na ngozi. Daktari aliandika kwamba mwili ulizidiwa na joto, moyo ukasimama, na kwamba hakuona dalili yoyote ya purukushani.

Koplo, aliyeukuta wavu huo kwenye kibanda cha mlinzi ukiwa umejaa masizi, alisimama mlangoni kama mtu aliyeleta zawadi na haijafunguliwa.

"Kwenye picha za daktari kuna mistari saba," Inspekta alimwambia. "Mipana. Kila mmoja vidole viwili. Vyuma vya wavu huu ni vyembamba kama kalamu."

"Labda alimgandamiza nao mara nyingi, ukiwa wa moto, afande."

"Na mistari ikabaki imenyooka vile?"

Koplo alijikuna shingo. Alirudi kwenye lile alilokuwa akilisema tangu Jumatano, kwamba mlinzi alikiri kwa kinywa chake. Inspekta aliomba maelezo yenyewe. Yalikuwa ukurasa mmoja na robo, kwa mwandiko wa Koplo, na mstari uliopigiwa wino mara mbili ulisema: Mimi ndiye niliyemuua, nilimkalisha pale asubuhi nikamwacha.

Aliuliza swali lililotangulia jibu hilo lilikuwa lipi. Koplo alisema alimuuliza nani alimkalisha mzee pale, naye akasema ni yeye.

"Halafu?"

"Halafu akalia, afande. Nikaandika."

Inspekta alifunga daftari. Pale kaunta ya kituo dada wa mlinzi alikuwa amekaa tangu alfajiri na shati safi la kaka yake ndani ya mfuko, endapo angepelekwa mahakamani. Alipomwona Inspekta alisimama, akaeleza bila kupumua kwamba kaka yake alimbeba yule mzee mgongoni kila asubuhi kwa mwaka mzima, kutoka kwenye kibaraza alikolala hadi chini ya Jani, na jioni akamrudisha, mpaka mashati yake yote yalikuwa yamechakaa mabegani. Wavu ule alikuwa akichomea mahindi yake ya mchana. Amuunguze mzee wa watu kwa lipi? Koplo alimkatiza, akamwambia asubiri aulizwe. Mwanamke akamgeukia kwa upole mkubwa.

"Mwanangu, waliokulea walisahau kukufundisha kumsalimia mtu kabla ya kumfokea?"

Koplo alimsalimia. Ilibidi.

Walifika kwenye Jani saa tatu. Tangu Jumatano jioni uwanja ulikuwa umezungushiwa utepe wa polisi na swichi kuu ya umeme imezimwa, feni zimesimama na watu wamehamia jua la upande wa pili, wakitazama kivuli wasichoruhusiwa kukikalia. Inspekta alitembea kutoka benchi hadi benchi. Yote yalifanana: mabapa saba ya chuma, yamelazwa kwa urefu, yakiachana kidogo ili maji yapite. Alitandaza futi juu ya benchi la tatu. Kila bapa lilikuwa na upana wa vidole viwili. Akaweka picha ya daktari kando yake na kuitazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso.

Koplo naye alikuwa ameona. Alikaa kwenye benchi lile taratibu, akapapasa.

"Baridi, afande. Ni benchi tu."

"Jumatano ulipofika lilikuwaje?"

"Lilikuwa la moto. Lakini jua lile, kila chuma kilikuwa cha moto."

"Liko kivulini, Koplo. Lipo kivulini toka asubuhi mpaka jioni."

Koplo aliinuka kwenye benchi haraka kuliko alivyokaa.

Inspekta alimwambia alale chali aangalie uvunguni. Koplo alivua kofia, akalala, akasota kwa mgongo, na sauti yake ikatoka huko chini ikisema kwamba kuna boksi la bati lililofungwa kwa skrubu mpya, na waya mnene unaoingia ardhini. Alipoambiwa aangalie mengine alisota benchi hadi benchi. Benchi la nne lilikuwa na boksi kama hilo. Manne yaliyobaki hayakuwa na kitu isipokuwa ubani uliotafunwa na kubandikwa. Alitoka na mgongo mweupe kwa vumbi.

Fundi wa umeme aliyeitunza mitambo ya Jani aliitwa kwa simu, akaja na begi lake begani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kabla hajaulizwa alisema kwamba wakimkuta na bisibisi wasidhani yeye ndiye aliyechora. Yeye ni mkono tu, kichwa kiko ofisini. Inspekta alimwomba aeleze polepole, kama anamweleza mtu asiyejua umeme, kwa kuwa kweli hakuujua.

Fundi akaeleza. Paneli huvuna umeme, umeme hujaza betri, betri hulisha feni, taa na simu za watu. Lakini betri zikijaa na jua bado linawaka, unabaki umeme usio na kazi. Unaweza kukatwa tu, ila msanifu aliyechora Jani hakutaka upotee bure. Aliweka tangi nyuma ya ukuta wa mabomba, lenye hita ndani, ili umeme wa ziada uchemshe maji na watu wasio na kwao wapate pa kuoga na kufulia.

Inspekta alizunguka ukuta. Palikuwa na jukwaa la saruji, mduara wa kutu, na hakuna tangi.

"Liliondolewa lini?"

"Miezi minne hivi. Hita zake tukazihamishia hapa." Alielekeza kidevu chake kwenye benchi la tatu. "Karatasi ya kazi ilikuwa na muhuri wa msanifu. Niliambiwa ni za kukausha mabenchi mvua ikinyesha."

"Tangu uzifunge, mvua imenyesha mara ngapi?"

Fundi alitazama juu, ingawa juu palikuwa na paneli tu. Akasema haijanyesha.

Alijitetea kidogo. Siku za kawaida, alisema, hita hazipati umeme wa maana, maana simu mia mbili zinanyonya tangu asubuhi na betri hazijai mpaka alasiri. Hapo benchi linapata uvuguvugu, wenye kulala pale wanaamka, wanalaani jua, wanahama. Hajasikia mtu akiumia. Inspekta alimuuliza itakuwaje siku ambayo hakuna hata simu moja. Fundi alikuwa akizungusha waya kwenye kiganja, mkono ukasimama.

"Jumatano walikuja wageni," alisema. "Waliotoka mji mwingine, wanaotaka kujenga Jani la kwao. Soketi zilifungwa kwa kufuli toka saa moja asubuhi, ili watu wasije wakajazana kwenye picha."

Alifungua kabati la betri, akabonyeza kioo kidogo kinachotunza kumbukumbu, akamsomea. Jumanne betri zilijaa saa tisa na robo. Jumatatu, saa tisa kamili. Jumatano zilijaa saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Kutoka hapo hadi polisi walipozima swichi, umeme wote wa lile paa ulishuka kwenye mabenchi mawili.

Fundi alifunga kabati. Kisha akasema, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, kwamba mke wake hukaa hapo akimsubiri.

Inspekta alimwambia awashe swichi kuu, soketi aziache zimefungwa vilevile, na asiondoke. Koplo aliambiwa asimame karibu na benchi la tatu asimruhusu mtu kulisogelea, na yeye mwenyewe asiliegemee.

Ofisi ya meneja wa Jani ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo lililotazamana na uwanja. Kiyoyozi kilivuma. Ukutani palikuwa na picha za Jani likipigwa na jua la asubuhi, moja baada ya nyingine, na katika picha zote hizo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekaa. Meneja mwenyewe alikuwa nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza, na alimwita mama inspekta. Alisikitika. Alisema amekuwa akionya kwamba walinzi wa kampuni hawapimwi akili.

Inspekta alimwacha azungumze. Aligundua kwamba meneja alikuwa na jina la watu waliokaa chini ya Jani: watumiaji wasiokusudiwa. Jani, alieleza, lilikusudiwa mtu apite, achaji, apumzike dakika kumi, aende zake. Badala yake wakaja watu wa mchana kutwa. Tangi la maji ya moto liliharibu kila kitu. Wanawake walikuja na mabeseni, nguo za ndani zikaanikwa kwenye nguzo, na wafadhili wanapita wanaona. Ilibidi tangi liondoke. Kuhusu mabenchi alisema hajui lolote, hayo ni ya msanifu, na muhuri wake upo kwenye karatasi.

"Siku ile yenyewe hamkuona lolote lisilo la kawaida?"

"Hakuna. Tatizo lilikuwa harufu tu. Wageni waliilalamikia wakiwa wanazunguka ukuta wa mabomba. Unajua tena watu wale, hawaogi. Nilimtuma mtu akapulizia marashi."

Kalamu ya Inspekta ilisimama juu ya karatasi.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tano. Tano na nusu."

"Mzee mwenyewe mlimtazama?"

"Alikuwa amelala," meneja alisema. "Hakumsumbua mtu."

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Alijisikia kama mtu aliyekunywa maji kisha akaona kilichotuama ndani ya glasi. Akaomba majalada ya Jani yote, ya kazi na ya malalamiko. Meneja alimwagiza karani ayalete na akarudi kwenye barua zake, akiangalia saa kila baada ya muda. Inspekta alisoma kila ukurasa, pande zote mbili. Saa nne ikapita, na nusu yake.

Karatasi ya kuhamisha hita aliipata. Ilikuwa na muhuri wa msanifu, haikuwa na sahihi yake. Na kwenye trei ya wino, mbele yake, kati ya mihuri mitatu ya ofisi, ulikuwepo mmoja wenye jina hilohilo. Alipouliza, meneja alicheka kidogo. Alisema enzi za ujenzi msanifu alikuwa na kazi mji mwingine, na kila kibali kikisubiri muhuri wake mafundi hulala. Basi akauacha hapa, kazi zisikwame. Kila ofisi ya ujenzi hufanya hivyo. Hakuna aliyekumbuka kuurudisha.

Ukurasa wa pili uliomsimamisha ulikuwa kwenye jalada la malalamiko, karibu na mwisho. Ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Mlinzi wa Jani aliomba kwa heshima na taadhima ijengwe njia ya mteremko kwa ajili ya mzee mmoja mlemavu. Alieleza kwamba mzee huyo alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na tangu hapo kiuno na miguu yake havihisi kitu. Kwamba mwaka jana aliburuta mguu juu ya kaa la moto na hakujua mpaka alipoona moshi. Pembeni palikuwa na wino mwekundu. Nimesoma. Isijibiwe. Chini yake, sahihi na jina la meneja.

Inspekta aliichomoa, akaiweka kwenye bahasha. Akamwomba meneja wakutane chini ya Jani saa sita. Msanifu naye angekuwepo, alisema. Alikuwa amekwisha mpigia simu.

"Vizuri," meneja alisema. "Nitafurahi akijibu mwenyewe."

Msanifu alifika kabla ya wakati, mwanamke mfupi mwenye viatu vyenye vumbi na michoro imeviringishwa kwapani. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ukuta, akalikuta jukwaa tupu, akarudi akiuliza tangi lake liko wapi. Mwaka mzima aliomba kuja kulikagua na mwaka mzima akajibiwa kwamba lipo na linapendwa. Meneja, aliyekuwa ameingia akishikilia jalada kifuani, alimwambia wayaongee hayo ofisini.

"Tuyaongee hapahapa," Inspekta alisema. "Kaeni, tafadhali. Nina maswali machache." Akaonyesha benchi la tatu.

Msanifu alikunjua mchoro mmoja, akaligeuzia mgongo benchi bila kulitazama, akaanza kukaa. Inspekta alimdaka kiwiko, akamvuta kwa nguvu hata michoro ikaanguka. Mwanamke alimkodolea macho.

Meneja alibaki alipokuwa, hatua nne kutoka kwenye benchi.

"Na wewe, Meneja. Kaa."

"Nipo sawa nikisimama."

"Ni kivulini. Hewa ni nzuri."

"Nimeshinda nimekaa, mama inspekta. Miguu imekufa ganzi." Alijaribu kutabasamu. Tone la jasho lilimtoka nyuma ya sikio, hakulifuta, likashuka hadi kwenye ukosi.

"Dakika moja tu. Jumatano mtu alikaa hapo kwa muda wa saa sita nzima."

Hakusogea. Inspekta alimpa ishara Koplo, naye akamimina maji ya kopo juu ya bapa la katikati. Yalilia kama mafuta kikaangoni, yakarukaruka, yakapotea. Koplo akarudi nyuma. Mvuke ulipanda hadi usoni mwa msanifu, na yule mwanamke, ambaye alikuwa hajaelezwa kitu na mtu yeyote, alitazama benchi, akatazama upande wa jukwaa la tangi, akainama kuangalia uvunguni. Alipoinuka alikwenda hadi kwenye nguzo, akaishika kwa mkono mmoja, akatapika.

"Mwenye muhuri alitaka kukaa," Inspekta alisema. "Wewe usiyejua lolote ndiye umegoma."

Meneja alilikaza jalada kifuani. Alipoongea sauti ilikuwa ileile ya kubembeleza, ila imekauka. Alisema hakumlazimisha mtu yeyote kukaa. Benchi halina kamba. Ilikuwa njia ya kistaarabu, alisema, kuliko kuleta askari na virungu; hakuna anayefukuzwa, hakuna anayetukanwa, kila mtu anaondoka kwa hiari yake.

"Mtu mzima akihisi joto anainuka. Ndiyo hesabu yenyewe."

"Na asiyehisi?" Inspekta alitoa barua ya kalamu ya risasi, akamwonyesha wino mwekundu.

Meneja aliisoma kama anaiona kwa mara ya kwanza. Kisha akasema barua zinazokuja ni nyingi. Koplo alimshika mkono bila kuambiwa, na Inspekta akaona kwamba alimshika kwa ncha za vidole, namna mtu anavyoshika kitu kilichookotwa mtaroni.

Saa saba kasoro dakika kumi alimpigia mwendesha mashtaka kutoka kituoni. Alimweleza habari ya mistari saba, kumbukumbu za betri, muhuri, barua, na yule aliyekataa kukaa. Mwendesha mashtaka alikuwa mtu wa kukata maneno. Alisema basi mlinzi aachiwe, na meneja ashtakiwe kwa uzembe uliosababisha kifo. Aliomba maelezo ya mlinzi yaandikwe upya, safi, kabla ya saa nane. Wakili wa meneja, alisema, atadai mteja wake hakujua kama siku ile mzee angekuwepo pale, na kwa barua peke yake hilo halivunjiki.

Mlinzi alitolewa mahabusu. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu wa kubeba, na alikaa mbele ya Inspekta akitazama mikono yake. Dada yake aliruhusiwa kuingia na mfuko wa shati. Inspekta alimweleza kilichomuua mzee, kwa maneno machache, bila kupunguza wala kuongeza. Alimwambia yuko huru.

Mlinzi hakuinuka.

"Nilimkalisha mimi," alisema.

"Najua. Koplo aliandika." Inspekta alichukua karatasi mpya. Koplo alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. "Siku zote ulikuwa ukimkalisha benchi lipi?"

"La kwanza. Karibu na soketi, apate kuchaji redio."

"Jumatano kwa nini la tatu?"

Mlinzi alimtazama dada yake. Alisema, akiuma maneno, kwamba kazini wana sharti: maagizo ya ofisi hayasemwi nje, anayesema anapoteza kazi.

"Kazi ipi tena hiyo?" dada yake alimuuliza. "Hebu nionyeshe ilipo."

Inspekta aliweka kalamu mezani, akangoja.

"Meneja alikuja saa mbili asubuhi," mlinzi alisema. "Mzee alikuwa bado mgongoni mwangu. Akasema leo wageni wanapiga picha, asikae la kwanza. Nikamwambia basi nimrudishe kibarazani. Akakataa, akasema kule wageni watapita. Akaniambia nimweke la tatu, linalofichwa na ukuta wa mabomba. Nikasema, bosi, huko nitakuwa simwoni, niko getini, na akichoka hawezi kushuka mwenyewe."

"Ulimwambia hivyo? Kwamba hawezi kushuka?"

"Nilimwambia. Akacheka. Akasema nisijali, saa sita haitafika, atakuwa ameondoka mwenyewe." Akaikunja mikono yake. "Nilidhani ni mzaha wa wakubwa. Nikamweka. Na mzee akanishukuru."

Dada yake alifunika mdomo kwa lile shati. Koplo alikuwa ametazama dirishani. Inspekta alimwomba mlinzi arudie maneno ya meneja kama yalivyokuwa, asiongeze hata moja, na alipoyarudia yakatoka vilevile. Aliyaandika, akamsomea, akampa kalamu. Mlinzi alitia sahihi kwa herufi kubwa.

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Inspekta alinyanyua simu.

"Ile hati ya mauaji uliyoichapa asubuhi," alisema mwendesha mashtaka alipopokea, "umeshaichana?"

Mwendesha mashtaka alisema bado, iko mezani, alikuwa anataka kuandaa hiyo ya uzembe kwanza.

"Usiichane, wala usiandae nyingine. Futa jina la mlinzi tu."

Akavuta bahasha karibu, akatoa ukurasa wenye wino mwekundu, na kumsomea jina la kuandika mahali pake, herufi kwa herufi.